Mgombea udiwani aulizwe mizani kabla ya lami

Na Mwandishi Wetu

KILA msimu wa kampeni za udiwani unapowadia, wananchi wa miji midogo husikia ahadi zilezile. Barabara za mitaa zitawekwa lami, maji yatatoka bombani usiku na mchana, umeme utafika kila kitongoji na vijana watapata ajira. Mgombea hushangiliwa, ngoma zinapigwa, na baada ya miaka mitano mwingine hupanda jukwaa lilelile akiwa na orodha ileile.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni lina masharti yake: anayeahidi lazima awe na mfuko wa kulipia. Tatizo la ahadi nyingi za wagombea udiwani ni kwamba mfuko unaotajwa si wao. Uko kwenye taasisi nyingine ambayo haipokei amri kutoka kwa diwani. Wakati huohuo, mambo ambayo kweli yako mezani kwa diwani, na ambayo yanagusa mfuko wa mkulima na mfanyabiashara mdogo moja kwa moja, hayatajwi kabisa jukwaani.

Makala haya yanajaribu kuweka vipaumbele hivyo katika mpangilio wake. Mfano tutakaoutumia ni Kibaigwa, mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, lakini msomaji wa mji mwingine wowote unaoishi kwa mazao atauona mji wake humu.

Mji uliojengwa na gunia

Kibaigwa uko kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Jina lake limejulikana nchini kwa sababu ya soko la nafaka, hasa mahindi. Magunia yanayofika pale hayatoki Kongwa peke yake. Mengi hutoka vijiji vya Kiteto, mkoani Manyara, na maeneo mengine ya jirani, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko.

Kila gunia linaloshuka pale linalisha watu wengi. Yupo mkulima, dalali, mpakiaji, mwenye ghala, mwenye mashine ya kusaga, mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa matairi na kijana wa bodaboda. Gunia likikosekana, hawa wote wanakaa bila kazi. Kwa hiyo anayetaka kuuinua mji kama huu aanze na kumuuliza mkulima ni kwa nini alete mazao yake pale na si kwingine.

Swali hilo lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi miji ya kando ya barabara kuu ilijiendesha pia kwa abiria wa mabasi walioteremka kula na kununua bidhaa. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli hiyo inapita Kilosa na Gulwe, haipiti Kibaigwa. Mabasi bado yapo, lakini abiria aliyemo ndani ya treni hanunui ndizi wala nyama choma ya Kibaigwa. Mji unaotegemea wapita njia unapaswa kujiimarisha kwenye kile ambacho treni haiwezi kukihamisha, yaani soko lake.

Upande mwingine kuna neema. Serikali ilihamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, na Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018. Mji unaokua unahitaji unga, mafuta ya alizeti, kunde na kuku. Mlaji amesogea karibu na mkulima wa Kongwa. Kinachobaki ni mji mdogo ulio katikati yao kuwa tayari kufanya biashara hiyo kwa utaratibu.

Meza ya diwani ina nini?

Kabla ya kupima vipaumbele, ni vizuri kujua diwani ana madaraka gani. Diwani ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri. Baraza ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri na kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana. Katika kata yake, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu.

Mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, ambaye hateuliwi na madiwani. Diwani hawezi kumwamuru mhasibu atoe fedha. Anachoweza ni kuhoji, kupiga kura na kushawishi wenzake. Tena kura yake ni moja. Mji kama Kibaigwa uko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa, ambayo ina kata nyingi za vijijini, na kila kata ina madai yake. Mgombea anayesema "nitajenga" anapaswa kusema "nitawashawishi wenzangu tujenge", kisha aeleze kwa hoja gani.

Mambo mawili makubwa yaliyokuwa ya halmashauri siku za nyuma yamehamishwa. Barabara za mijini na vijijini zilikabidhiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, mwaka 2017. Maji ya vijijini na miji midogo yako kwa wakala mwingine, RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Barabara kuu ni ya TANROADS na umeme ni wa TANESCO. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya hotuba ya kampeni inahusu meza za watu wengine.

Yaliyobaki kwa halmashauri si madogo hata kidogo. Ni masoko, minada, stendi, machinjio, usafi na taka, leseni za biashara ndogo, ushuru wa mazao, ushuru wa soko, na fungu la mikopo kwa vikundi. Hayo ndiyo mambo ambayo mkulima na mchuuzi hukutana nayo kila siku.

Kipaumbele cha kwanza: mizani

Wagombea wengi hupenda kuahidi kupunguza ushuru. Ni ahadi tamu, kwa sababu hakuna anayependa kulipa. Lakini tufanye hesabu ndogo tuone ni nini hasa kinamuumiza mkulima.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye magunia 30 ya mahindi. Tuseme bei ni shilingi 70,000 kwa gunia la kilo 100, yaani shilingi 700 kwa kilo. Tuseme pia ushuru wa mazao ni asilimia 3. Kwa kila gunia ushuru ni shilingi 2,100, na kwa magunia yote 30 ni shilingi 63,000.

Sasa tuseme mnunuzi anadai lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, na badala ya kilo 100 linabeba kilo 120. Kilo 20 za ziada ni shilingi 14,000 ambazo mkulima hakulipwa. Kwa magunia 30 ni shilingi 420,000. Hiyo ni zaidi ya mara 6 ya ushuru wote uliolalamikiwa. Fedha hiyo haijengi zahanati wala haichongi madawati. Inaondoka na lori.

Bei hizo ni za mfano na hubadilika kila msimu, lakini uwiano haubadiliki sana. Mkulima anayepoteza kilo 20 katika kila kilo 120 amepoteza sehemu moja kati ya sita ya mavuno yake, bila mvua kukatika wala panya kuingia ghalani.

Lumbesa ni kosa kisheria. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, na Wakala wa Vipimo umekuwapo tangu mwaka 2002. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa hiyo kinachokosekana ni mizani iliyo karibu na mkulima, na mtu wa kusimamia. Wakala hauwezi kuwa na ofisa katika kila kituo cha kununulia mazao. Lakini halmashauri ina watendaji wa vijiji na wa kata, ina wakusanya ushuru katika kila njia, na ina uwezo wa kutunga sheria ndogo inayosema kwamba nafaka haiuzwi kwa jumla katika eneo lake bila kupimwa kwenye mizani iliyokaguliwa.

Wapo watakaosema kwamba ukibana soko la mjini, wanunuzi watahamia vijijini na kununua shambani kwa debe. Hoja hiyo ina ukweli. Ndiyo maana sheria ndogo haiwezi kuishia kwenye geti la soko. Lazima ifike kwenye vituo vya kununulia vijijini, na hapo ndipo umuhimu wa diwani kushawishi wenzake wa kata nyingine unapoonekana. Diwani wa mjini anataka magunia yafike sokoni, na wale wa vijijini wanataka wapiga kura wao wasipunjwe. Katika jambo hili maslahi yao ni mamoja.

Kipaumbele cha pili: uwanja wa kukaushia

Soko la nafaka halishindi kwa wingi peke yake. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Zuio lilidumu siku chache tu, lakini lilipoondolewa liliacha masharti, likiwamo la mzigo kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachoruhusiwa.

Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Huanzia shambani na huongezeka pale mahindi yanapovunwa yakiwa mabichi, yanapoanikwa kwenye udongo au yanapowekwa kwenye gunia kabla ya kukauka. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa kwa mahindi katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Mkulima anayeng'ata punje kwa jino hawezi kujua kama ni 13 au 16. Kipima unyevu hujua kwa muda mfupi.

Uwanja wa saruji wa kuanikia, maturubai ya kukodi kwa bei nafuu na vipima unyevu viwili au vitatu sokoni ni vitu vidogo ukilinganisha na lami. Havihitaji fedha za wafadhili. Vinaweza kuingia kwenye bajeti ya mapato ya ndani ya halmashauri. Soko likijulikana kwamba mahindi yake ni makavu na yamepimwa, mwenye kiwanda cha unga na msafirishaji wa nje watakuja wenyewe, kwa sababu wamepunguziwa hatari ya mzigo kurudishwa mpakani.

Faida nyingine ni ya muda. Mkulima anayeuza Juni, wakati kila mtu anauza, huuza kwa bei ya chini. Mwenye mahindi makavu na mahali pa kuyaweka anaweza kusubiri. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ipo tangu mwaka 2005, na mfumo huo umetumika kwa miaka mingi kwenye korosho. Wakulima wanatofautiana kuhusu mfumo huo, hasa malipo yanapochelewa, na wana haki ya kuuhoji. Hata hivyo, ghala safi la kukodi kwa hiari, lenye daftari na ulinzi, ni huduma ambayo halmashauri inaweza kuitoa bila kumlazimisha mtu yeyote.

Kipaumbele cha tatu: daftari la ushuru

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wa madukani unafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya mapato.

Ikumbukwe kwamba mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingine mdogomdogo uliokuwa kero. Wananchi walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini baada ya hapo halmashauri za vijijini zikabaki zikitegemea mno ushuru wa mazao na masoko. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukapunguzwa, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hurekebishwa kila mwaka, mkulima aulize kiwango cha mwaka husika kabla ya kufungua pochi, na mgombea naye awe anakijua.

Lipo jambo ambalo wakulima wengi huchanganya. Ushuru wa mazao hutozwa mahali mazao yanapotoka. Ushuru wa soko hulipwa mahali yanapouzwa, kwa ajili ya huduma ya soko. Mahindi ya Kiteto yakifika Kibaigwa yakiwa na stakabadhi ya huko, hayapaswi kutozwa ushuru wa mazao mara ya pili. Mkulima asiyejua tofauti hii hulipa mara mbili, na asiyedai stakabadhi hana cha kuonyesha kwenye kizuizi kinachofuata.

Swali la maana kwa mgombea basi ni hili: ushuru unaokusanywa unakwenda wapi? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara fedha zilizokusanywa na halmashauri kwa mashine za POS ambazo hazikufikishwa benki. Mchuuzi aliyelipa amelipa, lakini soko halikupata choo.

Diwani hahitaji kuwa mhasibu ili kuliziba tundu hilo. Anaweza kudai kwamba kila mwezi, kwenye ubao wa soko, yabandikwe mambo matatu: magunia yaliyoingia, fedha zilizokusanywa, na fedha zilizorudi kwenye soko lenyewe. Kwa tarakimu hizo tatu, wafanyabiashara wenyewe watakuwa wakaguzi, maana wao ndio wanaojua siku ipi malori yalikuwa mengi. Anaweza pia kupigania sehemu fulani ya mapato ya soko itengwe kwa ajili ya ukarabati wa soko hilo. Miongozo ya bajeti imewahi kuzitaka halmashauri zirudishe asilimia 20 ya mapato yatokanayo na kilimo kwenye kilimo. Mgombea aseme kama halmashauri yake imefanya hivyo, na kwa kiasi gani.

Wachuuzi wa kando ya lami

Kipaumbele cha nne kinawahusu wafanyabiashara wadogo. Katika miji ya barabara kuu, biashara hufuata gari. Meza za matunda, majiko ya mahindi ya kuchoma na vibanda vya vocha husogea kila mwaka karibu zaidi na lami.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayefanya biashara humo yuko kwenye ardhi ya TANROADS. Anaweza kukaa miaka kumi na akaondolewa siku moja bila fidia. Mgombea anayewaambia wachuuzi "mkinichagua hakuna atakayewagusa" anawaahidi kitu ambacho hana mamlaka nacho.

Kilicho ndani ya uwezo wake ni kuwatafutia mahali kabla siku hiyo haijafika. Mahali hapo pawe na wateja. Tumeshuhudia katika miji mingi vizimba vikijengwa mbali, mahali pasipofikika, vikabaki makazi ya popo huku wachuuzi wakirudi barabarani. Njia nyepesi kwa mji kama huu ni kuunganisha stendi ya mabasi, maegesho ya malori na vizimba vya wachuuzi viwe eneo moja. Basi likiingia stendi, abiria anakuta chakula. Lori likiegeshwa kwa utaratibu, dereva analala mjini na kula mjini, na barabara inabaki salama.

Eneo hilo lihitaji choo, bomba la maji, taa na gari la taka lenye ratiba. Mama lishe anayepika jirani na lundo la taka hupoteza wateja kila inzi wanapoongezeka, na ugonjwa wa kuhara ukizuka majiko yake ndiyo ya kwanza kufungwa. Usafi katika mji wa biashara ni mtaji kama ulivyo mtaji wa fedha.

Asilimia 10 iwafikie wenye nayo

Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Takwa hilo liliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Mwaka 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa baada ya kubainika kasoro nyingi, vikiwamo vikundi hewa na marejesho kutolipwa. Ulirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Diwani ana nafasi kubwa hapa, kwa sababu yeye na Kamati ya Maendeleo ya Kata wanavijua vikundi. Wanajua kipi ni cha kweli na kipi kiliundwa wiki moja kabla ya fomu kutolewa. Mgombea mzuri hataahidi kwamba kila mtu atapata mkopo. Ataahidi kwamba majina ya vikundi, viasi na marejesho yatasomwa hadharani kwenye mikutano. Fedha isiporudi, kinachoumia ni kikundi kinachofuata kwenye foleni.

Kwa mji wa nafaka, vipo vikundi vinavyofaa kutazamwa kwanza: vijana wenye mashine ya kupukuchua mahindi, wanawake wanaosindika unga wa lishe na karanga, wakamuaji wadogo wa alizeti, na mafundi wa mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Hawa mkopo wao unalipwa na gunia lilelile linaloingia sokoni.

Barabara na maji zisisahaulike

Kusema kwamba barabara na maji ziko kwa taasisi nyingine si kumpa diwani ruhusa ya kunyamaza. Barabara ya vumbi itokayo shambani ndiyo inayoamua bei. Lori likishindwa kufika Machi, mkulima anakodi pikipiki gunia kwa gunia, na faida inaishia kwenye petroli.

Tofauti ni namna ya kuahidi. Mgombea anayezijua kazi zake atataja barabara mbili au tatu zenye mazao mengi, atasema ni daraja au karavati lipi linalokatika, na atasema atapeleka hoja lini na kwa nani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Maombi yanayopelekwa Mei, wakati bajeti zimeshafungwa, ni sawa na kupanda mahindi Mei katika Dodoma. Diwani anayeingia madarakani baada ya uchaguzi wa Oktoba hukuta maandalizi ya bajeti ya mwaka unaofuata yako mlangoni. Bajeti hiyo ya kwanza ndiyo mtihani wake wa kwanza. Akiipita akiwa bado anasherehekea ushindi, amepoteza mwaka mzima kati ya mitano.

Wilaya ya Kongwa ina kumbukumbu yake kuhusu mipango mikubwa isiyopimwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na wataalamu wengi, wakafyeka pori. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za wakati huo. Wenyeji walioijua ardhi hiyo na mvua yake hawakuulizwa. Mji wa soko uliokuja baadaye umekua kwa njia tofauti kabisa, gunia moja baada ya jingine, kwa sababu wakulima na wachuuzi wenyewe waliona faida ya kukutana mahali pamoja.

Maswali ya kumuuliza

Mgombea atakapofika kuomba kura, mkulima na mfanyabiashara wanaweza kumuuliza mambo machache, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Kwanza, ahadi yako iko kwenye meza ya nani? Kama ni ya halmashauri, utaiweka kwenye bajeti ya mwaka gani? Kama ni ya TARURA au RUWASA, utaifuatilia vipi?

Pili, lini mizani itakuwapo katika kila kituo cha kununulia mazao, na anayekataa kupima atafanywa nini?

Tatu, soko letu liliingiza kiasi gani mwaka uliopita, na kiasi gani kilirudi? Kama hujui leo, utatuletea jibu lini?

Nne, wachuuzi wa kando ya barabara watahamia wapi, na wateja watawafuata kwa njia gani?

Tano, utatusomea taarifa ya mapato na mikopo mara ngapi kwa mwaka, na katika mkutano upi?

Atakayejibu maswali hayo kwa tarakimu na tarehe anastahili kusikilizwa, awe wa chama chochote. Na majibu yake yaandikwe. Mwenyekiti wa soko au katibu wa kikundi achukue daftari, aandike ahadi, tarehe na jina la aliyetamka. Daftari hilo lifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, pale Baraza la Madiwani linapomaliza kikao chake cha kawaida, na diwani aitwe sokoni kueleza kipi kimefanyika na kipi kimekwama.